Amekula Nini, Nani Kapika

Kwetu Issuna mtu akiugua haulizwi panapouma. Anaulizwa amekula nini, na nani kapika. Ukiharisha, ni yale maziwa uliyokunywa kwa jirani. Ukitoka vipele, ni nyama ya harusini. Hata jicho likivimba, watu watakaa chini na kuhesabu vyungu ulivyopitia tangu juzi. Nimekua nikiliona swali hilo ni la kawaida, kama kupiga hodi, mpaka lilipoingia nyumbani kwetu likamkalia mama yangu kichwani na kukataa kutoka.

Aliyeliingiza ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Jina lake silitaji, na msidhani ni kwa heshima. Sitaki tu likae mdomoni mwangu.

Shangazi aliolewa Singida mjini, akafiwa na mume mapema, akabaki na duka dogo ambalo miaka ya uhaba na foleni lilikuwa na viberiti na vumbi tu. Ilipokuja ruksa ya biashara, loo, mwanamke huyo alinawiri! Duka likajaa mpaka bidhaa zinaning'inia mlangoni: nyama za kopo, siagi za kopo, maziwa ya unga, soda za rangi zote, sigara kwa katoni. Akafungua na mgahawa karibu na stendi. Mwishowe akanunua lori, na kwa kuwa baba yangu alijua kuendesha, akamwachisha shamba akampa usukani. Baba akawa anatoka mjini, anapita nyumbani Issuna kula, anashika njia ya Mkiwa na Itigi mpaka Rungwa kuchukua asali na nta, kisha anarudi.

Sina ubishi, lile lori lilitulisha. Lakini mwenye lori alijiona pia mwenye dereva. Alikuwa anakuja kwetu na kanga mbili mbili mpya, anaketi uani, anafunua chungu cha mama bila kuomba ruhusa. Akikuta mlenda anacheka kwa pua.

"Wifi, bado mnakula majani ya njaa? Siku hizi kuna vyakula."

Mama anajibu, "Ndugu yako anaupenda, wifi."

Na kweli baba aliupenda. Mama aliukausha mwenyewe, akautwanga, akauchemsha na magadi kidogo, na baba alikuwa anaumega kwa ugali wa uwele huku amefumba macho. Akimaliza analamba vidole, anawasha sigara. Hiyo sigara haikumtoka. Alisema inamfukuzia usingizi, na shangazi alihakikisha hakosi. Kila safari anamwekea pakiti kwenye lori pamoja na kopo za nyama, kama mzazi anavyomfungia mtoto wa shule. Maji, hapana. Ukishapita Itigi ni pori na mbung'o, na wale wadudu wakisikia lori limesimama wanakuja kama wameitwa. Baba aliona afadhali asinywe maji kuliko kushuka kukojoa katikati yao. Akinywa, basi ni kikombe cha chai asubuhi, na akibanwa anajikaza mpaka kijiji kinachofuata. Alikuwa anatusimulia haya kwa kujisifu, nasi tunacheka.

Siku alipotuambia kuhusu ile damu, napo tulicheka. Alikuwa anakula, akasema, "Leo pale Mkiwa nimekojoa mkojo mwekundu, nikadhani nimemwaga soda ya dada." Mama hakucheka. Akauliza kama inauma. Baba akasema haiumi hata kidogo, imetoka tu.

"Twende hospitali," mama akasema.

Baba akasema atamwuliza dada yake. Basi hapo ndipo tulipopotea.

Shangazi alikuja kesho yake na teksi. Hakumsalimu mama. Aliketi, akamtazama baba, akalitoa lile swali lake. Amekula nini? Mlenda. Nani kapika? Akageuza shingo polepole akamtazama mama.

"Magadi," akasema. "Magadi yanakwangua kibofu. Unamlisha ndugu yangu magadi kila siku ya Mungu, unategemea nini?"

Mama akarudia habari ya hospitali. "Hospitali kwa ajili ya mlenda?" shangazi akamaka. "Aache hayo majani, tutaona."

Baba akaacha mlenda. Na damu, jamani, ikakatika!

Mniamini, nimelichukia tukio hilo kuliko yote yaliyofuata. Kama damu ingeendelea, tungekwenda hospitali na labda leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini ilikatika, mkojo ukawa safi, na shangazi akatembea Issuna nzima akitangaza alivyomponya ndugu yake. Alipita kwa majirani, akapita kanisani, akapita hata kisimani ambako hajawahi kuteka maji tangu aolewe. Mama alikuwa akifika na ndoo yake, wanawake wananyamaza.

Kufika msimu wa kuvuna uwele, damu ikarudi. Safari hii ikawa ni majani ya kunde. Baba akayaacha, damu ikakaa siku chache, ikakatika. Shangazi akapiga makofi. Ikarudi tena, ikawa ni maziwa mgando. Ikakatika. Ikarudi, ikawa ni uwele wenyewe, eti una ukali. Kila chakula kilichotoka mkononi mwa mama kilipandishwa kizimbani kikahukumiwa, na kila mara ile damu ilijificha kwa muda, kana kwamba imehongwa itoe ushahidi. Hakuna aliyeuliza hata siku moja habari ya sigara. Nani angeuliza? Aliyekuwa anauliza maswali ndiye aliyekuwa anaziuza.

Mwishowe ikatolewa amri: baba asile tena nyumbani. Atakula mgahawani mjini, na akiwa safarini atakula vya kopo na nyama za kukaanga za pale Mkiwa. Akija Issuna, atakuja na chakula chake kwenye hotipoti. Mama alikuwa anaketi mbele ya mumewe mikono mapajani, anamtazama anakula pilau la mkono mwingine, uani kwake, kwenye mkeka wake. Baba alikuwa anakula ameinamisha uso. Najua aliona aibu. Lakini dada yake ndiye aliyemlea walipofiwa na mama yao, ndiye aliyemtafunia mahindi ya kuchoma alipokuwa hana meno, na baba hakuwahi kumbishia hata kwa jambo la kijinga. Nalijua hilo. Nimelipima mara nyingi, na bado haliniyeyushi.

Siku moja nilishindwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani, na mdomo wangu ulikuwa haujajifunza adabu. Nikamwambia, "Shikamoo shangazi. Nauliza tu: mbona sisi tunaokula chungu hicho hicho hatukojoi damu?"

Kofi alilonipiga nililisikia mpaka kwenye fizi. "Mtoto wa mama yako!" akasema. Nikamwambia ndiyo, na nashukuru.

Baba akaanza kukonda. Suruali anaikaza kwa kamba, usukani unamlemea. Halafu mkojo ukaziba kabisa. Alilia kama mtoto pale kitandani, ameshika tumbo la chini, yule mwanamume aliyekuwa anafanya mzaha na kila kitu. Mama hakumwuliza mtu. Alisimama barabarani akapunga kanga mpaka basi likasimama, tukampakia. Hospitali ya mkoa wakamwekea mpira wa mkojo, yakatoka mabonge ya damu, wakatuandikia twende hospitali ya rufaa. Shangazi alitufuata na mizigo ya soda na siagi.

Huko ndiko tulikomkuta daktari mmoja kijana, mpole, miwani imefungwa uzi sikioni. Alipomaliza vipimo vyake alituita sisi watatu: mama, shangazi na mimi. Akampa shangazi shikamoo, akampa mama shikamoo, akasema baba ana saratani ya kibofu cha mkojo, na imekwisha kwenda mbali. Mama akashika ukingo wa meza.

Shangazi akauliza. Mnadhani angeacha? "Daktari, ni kwa sababu ya kula nini?"

Yule daktari akavua miwani. Naikumbuka sauti yake neno kwa neno, maana niliyameza maneno yale nikijua nitayahitaji.

"Mama, kwa ugonjwa huu kitu cha kwanza tunachokijua ni sigara. Moshi unaingia mapafuni, sumu yake inachujwa kwenye figo, inakuja kukaa kwenye kibofu pamoja na mkojo. Na huyu mzee ameniambia hanywi maji na anajibana kutwa, kwa hiyo huenda mkojo wenye sumu ulikuwa unakaa humo muda mrefu. Hilo la maji bado linachunguzwa, siwezi kuliapia. Wako pia wanaoupata kwa sababu ya kichocho cha miaka mingi, lakini kwake sijakiona."

"Na chakula?"

"Chakula kina sehemu yake, lakini ni ndogo, na hatuna hakika nayo. Nyama za kopo, nyama za kusindikwa na za kuunguzwa zinatiliwa shaka. Mboga za majani na matunda hazijaonekana kudhuru. Pengine zinasaidia kidogo. Siwezi kukutajia sahani moja nikasema ndiyo hii."

"Mlenda je?" nikauliza mimi. "Wenye magadi?"

"Mlenda haujampa mtu saratani ya kibofu, kwa ninavyojua mimi. Sisi kwetu tunaula." Akamgeukia mama. "Tatizo ni kwamba damu ya ugonjwa huu inakuja na kukatika yenyewe, tena bila maumivu. Mtu anadhani amepona. Ile ya kwanza kabisa ndiyo mngemleta."

Nilimtazama shangazi. Nilitaka aporomoke pale pale sakafuni. Alichofanya ni kufungua mkoba, akatoa leso, akajifuta jasho la shingo, akasema amesikia.

Nyuma ya wodi palikuwa na banda ambalo ndugu wa wagonjwa hupikia. Siku ile ile mama alinunua mlenda mkavu sokoni, akakopa sufuria kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anamwuguza mwanawe, akapika. Baba alikula kidogo sana. Vitonge vichache tu. Akamwambia mama, "Nimekumaliza kwa kukaa kimya, mke wangu." Mama akamwambia ale kwanza. Zile wiki za mwisho alikula kwa mkono wa mama kila siku, hata siku aliyoweza kumeza mchuzi tu, na mama alikuwa anatoka bandani uso mweusi kwa moshi na unang'aa. Ukinikuta nimepoa kidogo, ujue ninawaza hilo.

Shangazi hakukaa. Alisema duka halina mtu. Akarudi Singida, na kabla sisi hatujarudi, maneno yake yalikuwa yameshafika Issuna. Nayo yalikuwa maneno gani? "Daktari mwenyewe kasema chakula kina sehemu yake." Basi. Hapo akakata. Sigara kaziacha hospitalini, damu inayokatika kaiacha hospitalini, nyama zake za kopo kaziacha huko huko, akabeba kale kakipande kamoja akakaleta kijijini kamefungwa vizuri kama zawadi. Na kwa watu waliozoea kuuliza nani kapika, hakuhitaji kuongeza kitu. Uongo mtupu ningeweza kuupigia kelele. Lakini yule mwanamke alichukua maneno ya kweli, akayakata shingo.

Baba akafariki. Tulipomleta kumzika, wanawake wa Issuna walimlilia marehemu na kumkwepa mjane. Hakuna aliyemkumbatia mama ila dada zake. Shangazi alilia kuliko wote, alilia kwa kweli, alijigaragaza mpaka kilemba kikamtoka, nami nikasimama pembeni nikimtazama.

Sasa, kwenye ukoo wa baba kuna desturi. Siku ya kuanua matanga, mjane anapika kwa mkono wake mwenyewe, na wakwe wanakula. Wakila, wamesema mbele ya watu kwamba hawana neno naye, abaki na nyumba yake na shamba lake na kaburi la mumewe. Wasipokula, hakuna anayemfukuza kwa maneno. Anafunga mzigo mwenyewe kabla jua halijazama, na popote atakapokwenda watu wataambiwa ni yule aliyemmaliza mumewe kwa chungu. Mama yangu hakuwa na pa kwenda. Wazazi wake walikwisha kufa, dada zake wameolewa mbali, kwao palikuwa na kaka mmoja tu na mke asiyetaka wageni.

Asubuhi ile mama aliinjika ugali wa uwele na mlenda. Dada yake mmoja akamsihi apike wali na kuku, aache kuchokoza. Mama akasema, "Hiki ndicho nilichompikia." Mara tukasikia lori. Shangazi ameshuka na masufuria ya pilau kutoka mgahawani, ameyapanga uani upande wa pili, anagawa sahani kwa wazee wa ukoo, anasema, "Watu wasipate tabu. Karibuni, hiki ni salama."

Salama! Mbele ya mjane!

Hapo nilisimama. Nikawaamkia wazee wote, maana hata ukiwa na hasira shikamoo ni lazima, kisha nikasema nataka kumwuliza shangazi swali moja, na anijibu hapo hapo uani.

"Shangazi, tulikuwa watatu kwa daktari. Kitu cha kwanza alichokitaja ni kipi?"

Akajifanya anapanga sahani.

"Mimi ni mtoto, labda nilisikia vibaya. Wewe ulikuwa kwenye kiti cha mbele. Alisema nini kwanza?"

Akasema huo si wakati wake. Mzee mmoja, binamu ya baba, akaweka sahani ya pilau chini. "Mjibu mtoto," akasema.

Nikamsaidia. Nikayatoa maneno yote ya daktari kama nilivyoyameza, bila kuongeza na bila kupunguza, hata lile la chakula kina sehemu yake, nikalitoa na mkia wake. Nikasema habari ya damu inayokuja na kukatika, nikataja mlenda, kunde, maziwa na uwele, na jinsi kila mara damu ilivyotudanganya. Nikasema sigara zilitoka duka gani. Nikasema nani alitaka kwenda hospitali siku ya kwanza na nani alikataa. Sauti yangu ilikuwa inapasuka lakini sikulia. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale muda mrefu, na niliyashusha moja moja, huku namtazama usoni. Kila lilipomfika alifumba macho. Nisiseme uongo: ilikuwa tamu.

Nilipomaliza, yule binamu ya baba alinyanyuka, akavuka ua, akaketi kwenye mkeka wa mama, akanawa. Wakafuata wengine. Mama akaanza kuwapakulia, mikono imara, ugali, mlenda, ugali, mlenda, na kila mtu akimega anamwambia, "Ahsante, shemeji," au, "Ahsante, mama." Wale wanawake wa kisimani nao wakasogea. Nyumba ikawa imebaki kwetu, hivyo tu, kwa kutafuna.

Upande wa pili shangazi alikuwa amebaki peke yake na masufuria yake. Kisha akainuka, akaja. Alitembea kama mtu mzee. Sikuwa nimeona kabla ya siku ile kwamba amezeeka. Akapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka, akachukua birika, akajimiminia maji mwenyewe, akanawa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, nipe na mimi."

Watu wote wakamtazama mama. Mimi nilijua atampa. Mama yangu alikuwa mtu wa kutoa. Alimpa kila mtu kila kitu, na nilikuwa nimeanza kumkasirikia kwa hilo.

Mama akafunika chungu.

"Hapana, wifi," akasema. "Ukila utasema yameisha kati yetu."

Akaendelea kuwahudumia wengine. Shangazi alibaki amepiga magoti, mikono mbele yake, maji yanamdondoka, na hakuna mtu katika ukoo mzima wa baba aliyefungua mdomo kumwombea.